Ukuta Unaoondoka: Kuchora Kazi ya Kubomoa katika Modeli za Nyumba za Mawe za Bagamoyo

Katika seti nyingi za michoro ya ukarabati ninazoziona hapa Bagamoyo, karatasi ya kubomoa ndiyo inayopewa muda mfupi kuliko zote. Ramani ya sakafu mpya imejaa samani, vipimo na majina ya vyumba, na sura za nje zimewekewa vivuli, lakini karatasi inayomwelekeza fundi aanze wapi kupiga tindo na aishie wapi ina mistari michache iliyokatikakatika na maneno mawili: "ukuta uondolewe". Naona umuhimu umepangwa kinyume. Ukuta mpya uliojengwa vibaya unaweza kuvunjwa ukajengwa tena kwa tofali zilezile za saruji zinazouzwa kila siku. Ukuta wa matumbawe na chokaa uliosimama tangu karne ya 19, wenye zidaka zake (vishubaka vya ukutani) na kizingiti chake, ukivunjwa kwa sababu mchoro haukueleweka, hakuna duka la kwenda kuununua mwingine.

Programu za kuunda modeli za majengo zimetupa njia nzuri ya kulishughulikia jambo hili, ila wengi wetu tunazitumia kama ubao wa kuchorea. Enzi za kuchora kwa mistari mitupu, kubomoa lilikuwa suala la tabaka, yaani kundi la mistari linaloweza kuwashwa au kufichwa pamoja: mistari ya ukuta unaotolewa ilihamishiwa kwenye tabaka lake na kupewa rangi yake, na ramani ya sakafu mpya ikanakiliwa kando. Mteja akibadili wazo kuhusu dirisha moja, ilibidi kila nakala ifuatiliwe kwa mkono. Katika modeli, ukuta ni kitu kimoja tu popote unapoonekana, na kubomolewa ni sehemu ya habari zake. Revit, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, hukipa kila kipande cha jengo sifa mbili za wakati, yaani awamu kilimojengwa na awamu kitakamobomolewa. ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, tangu toleo lake la 15 la mwaka 2011, hufika palepale kwa njia fupi zaidi, kwa kukipa kila kipande hali moja kati ya tatu: kilichopo, cha kubomolewa, au kipya. Katika programu zote mbili, ukuta unaoondoka haufutwi. Ukiufuta, umefuta pia ushahidi kwamba ulikuwapo, na mkadiriaji majenzi hana tena cha kupimia kazi ya kuuvunja.

Faida ya mpango huu huonekana katika utoaji wa ramani. Kwa modeli moja ya Revit ninatoa ramani tatu za sakafu ileile, na zinachotofautiana ni mipangilio miwili tu, awamu ya mwonekano, yaani ramani inatazama wakati gani wa jengo, na kichujio cha awamu, kinachoamua vipande vya hali gani vionekane. Ya kwanza imewekwa kwenye awamu ya jengo lililopo na inaonyesha nyumba ilivyokutwa. Ya pili imewekwa kwenye awamu ya ujenzi mpya, lakini kichujio chake kinaonyesha vilivyotangulia pamoja na vinavyobomolewa, na hiyo ndiyo ramani ya kubomoa. Ya tatu iko kwenye awamu hiyohiyo ya ujenzi mpya, na kichujio chake kinaonyesha vilivyobaki pamoja na vipya. Nikisogeza mlango katika mojawapo, zote tatu hujua.

Hapo ndipo hutokea kosa ambalo nimelikuta katika modeli nyingi nilizokabidhiwa. Kwa kuwa kazi ya kubomoa hutangulia kazi ya kujenga, mchoraji huona ni busara kuongeza awamu ya tatu katikati, akaiita Kubomoa. Kwenye maelezo ya mkataba mpangilio huo una mantiki, lakini ndani ya modeli unavuruga mambo. Tuchukue mlango wa zamani unaozibwa. Ukiubomoa katika awamu ya Kubomoa, Revit hulijaza tundu palepale kwa kipande cha ukuta kilichozaliwa katika awamu hiyohiyo. Ukifungua ramani ya ujenzi mpya, kipande hicho huhesabiwa kuwa kimetangulia, kwa hiyo huchorwa kama ukuta wa zamani. Fundi haoni kwamba kuna tundu la kuziba, na mkadiriaji hahesabu tofali hata moja. Tuchukue pia mlango mpya unaotobolewa katika ukuta wa zamani. Mlango huo ni wa awamu ya ujenzi mpya, kwa hiyo sehemu ya ukuta inayokatwa kwa ajili yake huonekana kuwa inabomolewa katika awamu ya ujenzi mpya, na ramani ya awamu ya Kubomoa haina habari nayo. Matokeo yake ni karatasi ya kubomoa inayokosa nusu ya ubomoaji. Kwa mradi wa kawaida, awamu mbili zinatosha: lililopo na jipya, na kubomoa ni tendo linalofanyika ndani ya hiyo ya pili. Awamu huongezwa pale tu kazi yenyewe inapogawanyika kikweli, kwa mfano mwenye nyumba anapokarabati upande wa mbele mwaka huu huku familia ikiishi nyuma, kisha wakahamia mbele ili nyuma nako kushughulikiwe.

Hata hivyo, awamu na vichujio haviwezi kuokoa modeli iliyodanganya tangu mwanzo kuhusu jengo lililopo. Nyumba za Mji Mkongwe wetu, kuanzia zile za Mtaa wa India hadi zilizojificha nyuma ya maduka, hazikujengwa kwa nguzo na mihimili ya zege. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo mara nyingi zina unene wa karibu nusu mita, ndizo zinazobeba kila kitu. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti ikashindiliwa sakafu ya mawe na chokaa. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa chini kidogo ya mita 3. Mteja anayetaka kuvipata vyumba viwili vikiwa ukumbi mmoja anaomba kwa maneno machache tu ukuta wa katikati uondolewe, na ukuta huo ndio uliobeba ncha za boriti za pande zote mbili.

Mchoraji aliyeweka dari kama bapa moja la zege, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichomo katika programu, hataiona hatari hiyo, na modeli yake haitamwonya. Kwa hiyo ninapounda modeli ya nyumba kama hii, huweka boriti mojamoja kadiri zinavyoweza kuonekana na kupimwa, nikionyesha zimeelekea upande gani na zimeegemea ukuta upi. Ni kazi ya kuchosha na wenye haraka huiita anasa. Lakini ramani ya kubomoa inapotolewa, boriti hizo huonekana juu ya ukuta uliotiwa alama ya kuondolewa, na mtu yeyote mwenye uzoefu wa nyumba za pwani, awe mhandisi au fundi ambaye hajawahi kugusa kompyuta, huuliza mara moja: zitabebwa na nini? Hilo ndilo swali ambalo karatasi ya kubomoa inapaswa kulizusha mapema, likiwa bado mezani.

Jibu la swali hilo nalo lina mahali pake katika modeli. Kipande kikipewa awamu ileile ya kujengwa na ya kubomolewa, Revit hukitambua kuwa ni cha muda, na hali ya muda ina mchoro wake wa pekee, tofauti na kilichopo, kipya na kilichobomolewa. Humo ndimo ninamoweka nguzo za kuegemeza dari, mbao za kupokea boriti, na jukwaa la nje. Wengi huacha vitu hivi viwe "juu ya mkandarasi", kana kwamba dari ya matumbawe inasubiri mtu atafute miti ya mwegemeo baada ya ukuta kuanza kutikisika. Zikiwa ndani ya modeli, nguzo za muda huhesabika, huingia katika makadirio ya gharama, na huchorwa kwenye karatasi ileile yenye ukuta unaoondoka, ili asiwepo wa kusema aliona moja bila kuona nyingine. Mpangilio wa hatua, kwamba nguzo husimama kwanza, kisha boriti hupokewa, kisha mawe huanza kutolewa kutoka juu kwenda chini, huwa nauandika kwa sentensi kamili pembeni mwa ramani, kwa sababu mistari hueleza mahali lakini haielezi vizuri lipi litangulie.

Ukuta usiobomolewa wote una taabu yake. Kipande cha katikati kikitolewa, ukuta hukatwa kwenye modeli mahali pawili na kile cha katikati peke yake kikapewa alama ya kubomolewa. Hilo ni jepesi. Gumu ni plasta. Nyumba nyingi za mawe zilipakwa saruji katika matengenezo ya miaka ya baadaye, na saruji haiuruhusu ukuta wa chokaa kupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini pamoja na chumvi ya bahari hunaswa nyuma yake, jiwe likalainika, na saruji ikaja kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kuiondoa saruji hiyo kwa uangalifu na kurudishia chokaa ni mojawapo ya kazi za maana kabisa katika ukarabati wa hapa, nayo ni kazi ya kubomoa kwa kila hali. Lakini programu huuona ukuta kama kitu kimoja chenye matabaka, na tabaka moja halipewi awamu yake. Unabomoa ukuta mzima au huubomoi. Njia mbili zinawezekana. Ya kwanza ni kuugawa ukuta katika sehemu zake, jambo ambalo Revit inaliruhusu, na kila sehemu ikapewa awamu yake. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuichora plasta tangu mwanzo kama ukuta mwembamba unaojitegemea, ulioshikamana na ukuta wa jiwe. Modeli huwa nzito kidogo, lakini saruji inayoondolewa hupata eneo lake kwa mita za mraba, na chokaa inayorudi hupata lake, na ukuta wa jiwe hubaki umeandikwa wazi kuwa ni uliopo na hauguswi.

Nirudi kwenye tundu la mlango linalozibwa, kwa sababu lina jambo jingine. Kipande cha kujazia ambacho Revit hukizalisha chenyewe hurithi aina ya ukuta uliokuwa na mlango. Katika nyumba ya tofali hilo halina neno. Katika nyumba ya mawe, programu itakuwa imekuandikia ukuta mpya wa matumbawe wenye unene wa nusu mita, na usipoubadili aina, ndivyo utakavyosomeka katika jedwali la vifaa. Je, unakusudia kuziba kwa mawe yaliyotolewa humohumo nyumbani, au kwa tofali zilizorudishwa ndani kidogo ili alama ya mlango wa kale iendelee kuonekana? Mimi huchagua la pili kila ninapoweza, kwa kuwa atakayekuja baadaye ana haki ya kujua mlango ulikuwa wapi. Uamuzi ni wa msanifu na mwenye nyumba, si wa programu.

Sasa mistari yenyewe. Kwa mazoea ya Revit, kinachobomolewa huchorwa kwa mstari uliokatikakatika. Kwa bahati mbaya, kilicho juu ya mahali ramani inapokatwa, kama boriti na ukingo wa paa, nacho huchorwa na wengi wetu kwa mstari uliokatikakatika. Katika nyumba yenye boriti kila baada ya sentimita chache, ramani ya kubomoa huwa msitu wa vistari. Msimamizi wa mafundi aliwahi kuniuliza mbele ya ukuta, karatasi ikiwa mkononi: "Bosi, hii mistari ya kukatika ni boriti za juu au ni ukuta wa kutoa?" Swali lake lilikuwa sahihi na mchoro ndio uliopaswa kulijibu. Tangu hapo ukuta unaoondoka ninaujaza mistari minene ya mshazari na kuuzungushia mstari mzito, na boriti za juu ninaziachia vistari vyembamba. Upo pia utaratibu wa kimataifa, ISO 7518 wa mwaka 1983, unaohusu hasa namna ya kuonyesha ubomoaji na ujenzi upya katika michoro ya majengo, na unafaa kusomwa na kila anayeanza.

Rangi nazo zina mila zake. Ujerumani na Italia zina desturi ya muda mrefu ya kupaka njano kinachobomolewa na nyekundu kinachojengwa, na ni desturi nzuri, kwani mtu hahitaji kusoma maelezo ili aelewe. Nimeijaribu kwenye skrini na wateja huipenda sana. Tatizo ni kwamba karatasi inayofika kwa fundi hapa kwetu huwa ni nakala ya nakala, iliyotolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na njano ndiyo rangi ya kwanza kupotea. Ukuta wa kubomolewa ukigeuka mweupe kwenye fotokopi, umegeuka kuwa hakuna. Kwa hiyo rangi naiweka kama msaada, lakini maana yote lazima ibaki imesimama rangi ikitolewa, na kabla ya kuidhinisha karatasi ya kubomoa huichapa bila rangi na kuitazama kwa umbali wa mkono.

Majedwali ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayolipa zaidi. Vichujio vinavyokuja na Revit havina hata kimoja kinachoonyesha vinavyobomolewa peke yake. Lazima ukitengeneze, ukificha vilivyopo, vipya na vya muda, na kuviacha vya kubomolewa tu. Kichujio hicho kikiwekwa kwenye jedwali la kuta, unapata ujazo wa kila kinachovunjwa. Ukuta wa mita 4 kwa kimo cha mita 3 na unene wa nusu mita ni mita za ujazo 6 ukiwa umesimama, na kifusi chake kikilala chini huongezeka kwa theluthi moja au zaidi, kwa sababu ya nafasi zinazoingia kati ya mawe. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipokei lori kila mahali, kwa hiyo kujua mapema kifusi ni kiasi gani ni kujua kitatolewa kwa mikokoteni mingapi na kitarundikwa wapi bila kumzibia jirani mlango. Paa la zamani lenye vigae vya asbesto linahitaji safu yake na onyo lake katika jedwali hilo, kwa maana halivunjwi kwa nyundo kama bati.

Kwenye jedwali hilohilo huongeza safu moja ninayoiita hatima, yenye majibu matatu: kutupwa, kutumika tena, kuhifadhiwa. Bila safu hiyo, neno "kubomoa" humaanisha kwa kibarua kutupa, na mawe mazima ya matumbawe huenda kujaza shimo la barabarani pamoja na saruji. Mawe yaliyo salama hurudi ukutani, boriti ambazo mchwa hawakuzifikia hukatwa na kuwa linta (mihimili mifupi ya juu ya milango na madirisha), na mlango wa nakshi haulali nje hata usiku mmoja. Mlango unaohamishwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine una utata wake, kwa kuwa modeli haijui kuhama: inachojua ni kwamba mlango mmoja umebomolewa hapa na mwingine umejengwa pale. Ninachofanya ni kuipa milango hiyo miwili namba moja, na kuandika katika hatima ya wa kwanza namba ya chumba utakakokwenda. Mkadiriaji akiiona namba hiyo haweki bei ya mlango mpya, na fundi akiiona haufungui kwa mtaimbo.

Kwa majengo yanayoangukia chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hakuna jiwe linalotolewa kabla ya Idara ya Mambo ya Kale kuhusishwa, na kibali cha ujenzi cha halmashauri peke yake hakitoshi. Maofisa hao huwa na maswali mawili yasiyobadilika: kipi kinaondoka, na kwa nini kisibaki. La kwanza hujibiwa na ramani ya kubomoa. La pili hulijibu kwa kuongeza maelezo kwenye kipande chenyewe ndani ya modeli, sentensi moja kwa kila ukuta, mlango au ngazi inayoondolewa, na sentensi hizo hujitokeza kama safu katika jedwali ninalolipeleka pamoja na michoro. Mara kadhaa kuandika sentensi hiyo kumetosha kunifanya niutoe ukuta katika orodha, kwa sababu nilitafuta sababu ya kuubomoa na nikaona kwamba mlango wa upana wa mita moja na nusu, wenye linta iliyopigiwa hesabu na mhandisi, ungempa mwenye nyumba ukumbi anaoutaka huku boriti zikibaki mahali pake.